Mtafutaji madini si mchimbaji

Ernest Mansfield, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1862, hutajwa mara nyingi mno kuwa mchimbaji mkubwa wa marumaru katika Aktiki, na kila mara kazi yake halisi hufichwa na sifa hiyo. Mtafutaji madini hukagua ardhi, huchukua sampuli za miamba, huweka alama ya kudai eneo, kisha huwatafuta wenye mtaji. Mchimbaji huanzia hapo.

Tofauti hii ilikuwa na uzito wa pekee Spitsbergen, visiwa vya Aktiki ambavyo leo huitwa Svalbard, kwa sababu kabla ya mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920, visiwa vile havikuwa chini ya dola yoyote. Hapakuwa na ofisi ya kutoa leseni wala ya kusajili vitalu. Mtu alisimika kibao chenye jina la kampuni yake na kukitegemea kama hati, na mwenzake naye akaja kusimika chake. Kibao kilitangaza dai, lakini hakikuonyesha kama chini yake pana mali.

Mansfield aliiona marumaru Blomstrand, kwenye Kongsfjorden, mkono wa bahari ulioingia ndani ya visiwa hivyo, mahali palipodhaniwa kuwa rasi hadi barafu iliporudi nyuma na kuonyesha kuwa ni kisiwa. Kampuni yake, Northern Exploration Company, iliundwa London mwaka 1910, na muda mfupi baadaye zikapelekwa huko nyumba, reli, winchi na injini za mvuke, pakaitwa Ny-London. Tatizo lilikuwa ndani ya jiwe lenyewe. Maji yakiingia kwenye nyufa za mwamba huganda, hutanuka na kuzipanua, kisha huyeyuka na kuganda tena, mwaka baada ya mwaka; ndiyo maana jiwe lililoonekana zima kwenye baridi lilimeguka lilipopata joto. Mradi haukuleta faida.

Mmarekani John Munro Longyear ni habari nyingine. Alifika Spitsbergen kwanza kwa utalii mwaka 1901, akaanzisha Arctic Coal Company mwaka 1906 pamoja na Frederick Ayer, makaa ya mawe yakachimbwa na kusafirishwa, na mwaka 1916 mali hiyo ikauzwa kwa Wanorwei. Huyo alikuwa mfanyabiashara mwenye mgodi hasa.

Kwa hiyo si vibaya kumsifu Mansfield kwa bidii yake, wala kwa uhodari wake wa kuwashawishi wanahisa. Aitwe tu mtafutaji madini, kwani hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, nayo ilikuwa ngumu.