Anapoanza kusimulia alivyokeketwa

Katika kliniki ya wajawazito, ni nadra mwanamke kuanza na neno ukeketaji. Huanza na mkojo unaotoka tone kwa tone, maumivu ya hedhi, au hofu ya kujifungua. Hapo ndipo wakunga wengi huharibu. Tunashtuka: “Jamani, ukatili gani huu!” Tayari tumemtukana mama yake na kumwambia mwili wake una kasoro. Hatasema tena.

Mimi hufunga mlango kwanza. Wifi au mama mkwe husubiri nje, na ndugu hatafsiri kamwe. Kisha nauliza, “Dada, kwenu wasichana hufanyiwa nini wanapokua?” Akisema “tohara”, nami nasema tohara. Akinyamaza, nanyamaza.

Mwanamke wa Kuria anaweza kutaja zawadi, ngoma na maumivu kwa pumzi moja. Usimchagulie kipi kilikuwa cha kweli. Wala usimhoji kipolisi: nani alikushika, ngariba ni nani, wembe ulikuwaje? Maswali hayo humrudisha kulekule. Ukiona anapumua mbiombio, macho yamekodoa au mikono inatetemeka, simamisha mazungumzo. Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, anywe maji. Uchunguzi wa uke unaweza kungoja siku nyingine, isipokuwa anavuja damu au mkojo umeziba.

Kwa aliyeshonwa uke alipokeketwa, kama ilivyo kwa wengi Garissa na Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, swali lake kubwa huwa ni kufunguliwa. Mweleze kwamba hufanywa kwa ganzi, wakati wa ujauzito au wa uchungu, na kwamba hatutamshona tena kama alivyokuwa. Mwambie pia kwamba baadaye mkojo utatoka kwa kasi na kwa sauti. Asipoonywa hudhani ameharibiwa.

Usiahidi siri kabla hujasikia yote. Yaliyompata yeye utotoni huenda yakabaki chumbani. Mdogo wake anayeandaliwa kukatwa likizo ya Desemba, hapana. Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2011, kujua na kutotoa taarifa ni kosa. Mwambie hivyo mapema, halafu pigeni pamoja 116, simu ya msaada kwa watoto. Simu hiyo ni ya bure.

Mwisho, kijitabu cha mama na mtoto husomwa nyumbani na mume, hata na mashemeji. Kabla ya kuandika chochote humo, muulize kiandikwe nini. Maelezo kamili yakae kwenye faili la kliniki.