Kitenzi cha Kiajemi kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kiajemi, yaani Kifarsi, lugha rasmi ya Iran, haanzi mikono mitupu. Maneno kama bandari, bustani na rangi yana asili ya Kiajemi, lakini msaada mkubwa zaidi umo katika kitenzi, kwa sababu lugha zote mbili humtaja mtenda ndani ya kitenzi chenyewe.

Kinachotofautiana ni mahali. Kiswahili humtanguliza mtenda; Kiajemi humweka mwishoni. “Nilinunua” ni kharidam: kharid ni shina la wakati uliopita, na -am ndiyo nafsi ya kwanza. Ukibadili kiishio, nafsi hubadilika: kharidi, ulinunua, kharidim, tulinunua, kharidid, mlinunua, kharidand, walinunua. Kharid bila kiishio ni “alinunua”, awe mwanamume au mwanamke, kwani Kiajemi nacho hakibagui jinsia katika viwakilishi vyake.

Wakati uliopo hudai mi- mbele ya shina lake, hapa khar: mikharam, ninanunua, mikharad, ananunua. Wanafunzi wengi hudhani mi- hiyo ni “mimi”, nao hukwama hapo kwa wiki nzima, ilhali nafsi ingali kule mwishoni. Ukanushi hutangulia vyote: nemikharam, sinunui, nakharidam, sikununua. Kazi ngumu ni shina la wakati uliopo, ambalo mara nyingi halitabiriki: kuona ni didan na niliona ni didam, lakini ninaona ni mibinam. Kwa hiyo kila kitenzi kiandikwe daftarini pamoja na mashina yake mawili tangu siku ya kwanza.

Katika sentensi, kitenzi hukaa mwisho: man ketāb kharidam, neno kwa neno “mimi kitabu nilinunua”, na man yaweza kuachwa. Ikiwa kitabu chenyewe kinajulikana, huongezwa rā baada yake: ketāb rā kharidam. Kiswahili hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa -ki-, kama tunavyotofautisha “nilinunua kitabu” na “nilikinunua kitabu”, na anayeisikia tofauti hiyo amekwisha kuikaribia rā. Asishangae tu akifika Tehran, kwani katika mazungumzo ya kila siku rā hufupishwa na kuwa -o: ketābo kharidam.