Mwili Unaotembea Haungoji: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mtindo wa Mchoraji

Kila anayejifunza kuchora hufika siku akaona michoro yake haina mwenyewe. Mikono iko mahali pake, sura inafanana na ya aliyechorwa, ila kazi ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Hapo ndipo swali la mtindo linapoanza, na hapo ndipo ushauri mbovu unapogawiwa bure. Swali hili limenihangaisha kwa miaka. Jibu nililipata kwa watu wanaotembea, wanaocheza, wanaobeba mizigo na wanaoruka, baada ya kuachana na mambo kadhaa niliyokuwa nikiyaamini.

"Mtindo unachaguliwa"

Mtu huketi akaamua: kuanzia leo macho yatakuwa makubwa, shingo ndefu, mistari minene. Hilo ni vazi, na kesho litavuliwa. Mtindo uko karibu zaidi na mwandiko. Hakuna aliyekaa akachagua namna ya kukunja mkia wa herufi "g". Alikuwa akiandika kwa haraka, mkono ukajitafutia njia ya mkato, na njia hiyo ikabaki. Ndiyo maana barua isiyo na jina hutambulika ni ya nani.

Mwili unaotembea unakulazimisha kutafuta njia ya mkato papo hapo. Chukua mtoto anayeruka kamba. Kufumba na kufumbua yuko juu, yuko chini, kamba imeshapita. Huna muda wa vidole, vifungo vya shati wala kope. Una muda wa mistari mitano, labda sita. Utaanza na upi? Mmoja atavuta mkunjo mrefu kutoka utosini hadi visiginoni. Mwingine ataweka kwanza uzito wa nyonga, doa zito la mkaa, ndipo miguu ifuate. Wa tatu atakamata pembe kali za viwiko na magoti, kiwiliwili akiache kitupu, nasi tutakiona bila kuchorwa. Mtoto ni yuleyule na hakuna aliyekosea. Ulichokitanguliza, ulichokikuza na ulichokiacha, ukivirudia mara mia bila kupanga, ndivyo watu watakavyoutambua mkono wako.

"Kwanza umalize anatomia"

Anatomia, yaani elimu ya mifupa na misuli ya mwili, ina faida na sitamzuia mtu kuisoma. Kosa ni kuisubiri ikamilike. Mwili una misuli zaidi ya 600, na anayetaka kuimaliza yote kwanza ataanza kuchora uzeeni. Kwa mtu anayetembea, haya machache yanatosha kuanzia. Mkono wa kulia huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto. Nyonga hupanda upande uliobeba uzito, na bega la upande huohuo mara nyingi hushuka. Anayetembea daima ana angalau mguu mmoja chini, ilhali anayekimbia ana nukta ambapo yote miwili iko hewani. Mengine utayajua kwa kuchora. Goti likikushinda leo, kesho utalitazama kwa uchu.

"Kamera ndiyo inayojua ukweli wa mwendo"

Dhana hii ina historia, na inastahili kuelezwa taratibu. Mwaka 1821 mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alichora mbio za farasi za Epsom, Uingereza. Farasi wake wamenyoosha miguu ya mbele mbele kabisa na ya nyuma nyuma kabisa, wanaelea juu ya majani. Mwaka 1878 mpigapicha Eadweard Muybridge akapanga kamera kwa safu kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, Marekani. Picha zikaonyesha kwamba farasi anayekimbia kweli kuna nukta anakuwa hewani mzima, lakini wakati huo miguu yake imekunjwa chini ya tumbo. Kwa hiyo Géricault alikosea. Wachoraji walizisoma picha hizo kwa makini, Edgar Degas akiwa mmoja wao.

Sasa weka picha ya Muybridge kando ya mchoro wa Géricault. Farasi wa kwenye picha ameganda hewani. Wa Géricault anakimbia. Mchongaji Auguste Rodin aliitetea hoja hii katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1911: muda hausimami, hivyo picha inayousimamisha ndiyo inayodanganya. Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu alikwisha kulifanya kwa mikono yake. Sanamu yake ya Yohana Mbatizaji inatembea huku nyayo zote mbili zimekanyaga chini bapa. Katika hatua ya kawaida, mguu wa mbele ukishatua hivyo, kisigino cha nyuma kinakuwa kimeanza kunyanyuka. Lakini jicho la mtazamaji linaanzia unyayo wa nyuma, linapanda na mwili, linashukia unyayo wa mbele, na hatua inakuwa imepigwa.

Kwa mwenye penseli, hii ni ruhusa kubwa. Mguu uwe wa nukta iliyopita, bega liwe la nukta inayokuja, kichwa kikiwa kimeshafika. Kila mchoraji huchanganya nukta hizo kwa kipimo chake, na kipimo hicho hakifundishiki. Picha itumie kuhakikisha mambo, kwa mfano kifundo cha mguu kinakunjikaje mtu anapotua. Ukiinakili picha nukta kwa nukta, utapata mtu aliyegandishwa, na mchoro wako utafanana na wa kila aliyenakili picha hiyohiyo.

"Mchoro wa haraka ni mchoro wa ovyo"

Anayesema hivi anadhani haraka iko kwenye mkono. Muda mwingi unakwenda kwenye kutazama. Kwa yule mtoto wa kamba, mimi huacha mizunguko mitatu au minne ipite penseli ikiwa bado hewani, nikitafuta kitu kimoja tu: uzito unahama wapi? Nikikiona, mstari unachukua sekunde mbili. Na kwa kuwa kuruka kamba kunajirudia, mkao niliouacha nusu utarudi. Hivyo ninaweka michoro minne kwenye ukurasa mmoja na kurukia huu au ule kila mkao wake unapopita tena. Rodin naye, katika michoro yake ya baadaye, aliwaacha waliokuwa wakichorwa wazunguke watakavyo, akawafuata kwa penseli bila kuondoa macho kwao, karatasi hata asiitazame.

Ufutio uweke mbali. Mstari uliokosea ukibaki, na ulio sahihi ukapita juu yake, mara nyingi mwili huonekana unatikisika, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

"Kunakili wengine kutaua mtindo wako"

Hapana. Mchoraji Vincent van Gogh alipokuwa Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889 na 1890, alichora upya kazi za mchoraji mwingine, Jean-François Millet: wavunaji, wapanda mbegu, mtoto akipiga hatua za kwanza. Mikao ni ya Millet, na hakuna anayeweza kudhani mkono ni wa Millet.

"Chochote kinachojirudia ndiyo mtindo"

Hii ndiyo iliyonigharimu zaidi. Nilitandaza sakafuni karatasi kama hamsini za watu wanaokimbia, nikatafuta kinachojirudia. Mistari yangu ya mgongo ilianza mizito begani, ikawa myembamba pajani, ikakatika kabla ya kufika chini. Karibu watu wote hawakuwa na nyayo. Mwalimu mmoja aliwahi kunizungushia wino mwekundu mahali hapo, nami nikamjibu kwamba huo ndio mtindo wangu. Walionisifu walisema wakimbiaji wangu wanaonekana kuacha ardhi.

Kipimo nilichokuja kukiamini ni hiki: ukiombwa ukichore kile unachokiacha kila siku, unaweza? Ukiweza, umekiacha kwa hiari. Ukishindwa, unakikimbia. Mimi sikuweza. Unyayo niliouchora ulikaa kama kiatu kilichobandikwa. Basi kwa wiki kadhaa nikachora nyayo peke yake: kisigino kinapotua, kidole gumba kinaposukuma ardhi, ngozi ya juu ya mguu inapojikunja. Mwishowe zikaanza kubeba uzito. Nilipowarudia wakimbiaji, nikachora mgongo, nikachora paja, nikafika kwenye kifundo cha mguu, na mkono ukanyanyuka wenyewe. Safari hii nilijua ninaacha nini.