Mkono Uliochora: Tunavyotafuta na Kujadili Manga Hapa Lubumbashi

Mchana ninafundisha uchoraji, na jioni ninasimamia kikundi cha WhatsApp cha wasomaji wa manga, yaani hadithi za michoro za Kijapani, ambamo wamo wanafunzi wangu, mafundi simu wawili, vijana wa chuo na mama mmoja mshonaji wa Kamalondo ambaye husoma kuliko sisi sote. Swali linalonijia mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Mwalimu, nimemaliza hii, sasa nisome nini?" Zamani nilikuwa nikitaja hadithi tano au sita zenye sifa. Niliacha, kwa sababu aliyetajiwa sita huanza moja, huitupa katikati, kisha hurudi na swali lile lile. Siku hizi namrudishia swali: hiyo uliyoimaliza aliichora nani?

Wengi hawajui. Wamefika kwenye manga kwa njia ya filamu za katuni zilizotiwa sauti za Kifaransa, nao huzungumza juu ya wahusika kana kwamba wahusika hao walijizaa wenyewe. Lakini nyuma ya ukurasa kuna mkono, na ukishaujua mkono hutapotea njia.

Chukua mfano wa majarida ya kila wiki. Sura moja huwa na kurasa zinazokaribia 20, kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza kwa siku saba, ndiyo maana mangaka, yaani mchoraji wa manga, huajiri wasaidizi wa kuchora majengo, vivuli na umati wa watu. Wasaidizi hao baadaye huanzisha hadithi zao wenyewe, na kama vile mshono wa fundi unavyotambulika katika nguo iliyoshonwa na mwanafunzi wake, mkono wa bwana wao huonekana katika michoro yao. Eiichiro Oda, ambaye tangu mwaka 1997 anachora One Piece katika Weekly Shonen Jump, alikuwa msaidizi wa Nobuhiro Watsuki, mwenye Rurouni Kenshin, na katika chumba hicho hicho alikuwamo Hiroyuki Takei aliyekuja kuchora Shaman King. Yukinobu Tatsu wa Dandadan na Yuji Kaku wa Hell's Paradise wote wawili walipitia kwa Tatsuki Fujimoto. Basi aliyeipenda Chainsaw Man ya Fujimoto ana nyumba mbili za jirani za kubisha hodi, wala hahitaji orodha ya mtu.

Njia ya pili ni kumfuata mtu yule yule anapobadilisha shamba. Kijana mmoja wetu anayesoma kilimo chuoni alikuwa ameimaliza Fullmetal Alchemist, ambayo Hiromu Arakawa aliichora kuanzia 2001 hadi 2010, akataka nyingine "yenye vita kama hiyo". Nikampa Silver Spoon ya mama Arakawa huyo huyo, ambayo inahusu wanafunzi wa shule ya kilimo: ng'ombe, nguruwe, maziwa, madeni ya wazazi. Alinicheka hadharani. Baada ya wiki mbili aliandika kikundini, usiku wa manane, ujumbe mrefu juu ya nguruwe aliyepewa jina na mwanafunzi aliyejua kwamba atachinjwa, akaeleza kwamba Arakawa amekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido na kwamba jambo hilo linaonekana hata katika hadithi yake ya vita, kwa namna anavyochora mwili kuwa kitu chenye uzito na bei. Sikuwa nimemfundisha hayo. Aliyaona mwenyewe alipoziweka kazi mbili za mkono mmoja pamoja.

Kuna na njia ya kurudi nyuma. Pluto ya Naoki Urasawa, ya kati ya 2003 na 2009, inasimulia upya kisa kimoja cha Astro Boy, kazi ambayo Osamu Tezuka aliianza mwaka 1952. Anayependa ya mjukuu humtafuta babu.

Kuhusu maneno shonen, shojo, seinen na josei sitakaa sana. Hayasemi hadithi inahusu nini, yanasema tu kwamba jarida lililoichapisha lilikusudiwa wavulana, wasichana, wanaume wazima au wanawake wazima. Attack on Titan, pamoja na damu yake yote, ilitoka katika jarida la wavulana, kwa hiyo ni shonen, na ubishi juu ya jambo hilo ninaufunga kila unapofunguliwa.

Sasa mjadala wenyewe. Kikundini tuna sheria moja ninayoishikilia: anayetoa hoja ataje sura na ukurasa. Sheria hii ilizaliwa na aibu. Mwaka jana watu walibishana siku mbili kamili juu ya nani alimpiga mwenzake kwanza katika pambano fulani, mpaka wengine wakaacha kusalimiana. Mwishowe nilimwomba kijana wa Katuba aliyeanzisha ubishi apige picha ya skrini na kuandika 1, 2, 3 juu ya visanduku vya michoro kwa mpangilio alioufuata. Kumbe alikuwa ameanzia kushoto! Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, naye alikuwa amepokea jibu kabla ya swali na ngumi kabla ya tusi. Nilimhurumia, kwa sababu matoleo mengi ya zamani ya Kifaransa na Kiingereza yalikuwa yakigeuza kurasa kama kwenye kioo ili zisomwe kwa desturi ya Ulaya, hata mpiganaji wa mkono wa kulia akawa wa kushoto, na nakala za namna hiyo bado zinazunguka.

Simu nayo ina makosa yake. Kitabu cha manga kikifunguliwa, ukurasa wa kulia ndio wa kwanza na wa kushoto ndio wa mwisho kabla hujafunua, kwa hiyo mchoraji hodari huweka mlango unaofunguka, au uso wa mtu aliyeshtuka, katika kisanduku cha mwisho chini kushoto, na kile kilichomshtua hukikuta ukishafunua. Anayesoma kwa kuteremsha kidole hupokea vyote kwa pamoja, kisha husema hadithi imepoa. Picha inayojaza kurasa mbili hukatwa katikati, na nimewahi kusoma malalamiko kwamba mchoraji fulani "amesahau mkono" wa mhusika, ilhali mkono ulikuwa nusu ya pili. Mgeni kikundini namwambia kwanza alaze simu yake upande. Kitabu cha karatasi kingemaliza shida hii, lakini juzuu moja inayouzwa Ufaransa kwa karibu euro 7 hufika kwetu ikiwa imebeba nauli juu ya mgongo wake.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni lugha. Wengi wetu husoma Kifaransa na kujadili kwa Kiswahili, na katika kuhama huko mambo hufichuka. Hajime Isayama, mchoraji wa Attack on Titan, hakutaka kusema kama mhusika wake Hange ni mwanamume au mwanamke. Kijapani kinaweza kuliacha jambo hilo wazi bila taabu, lakini Kifaransa kila mara humsukuma mfasiri achague. Sisi tulimjadili Hange wiki nzima tukisema "alikwenda", "alicheka", "yeye ndiye aliyewaokoa", na siri ya mchoraji ikabaki salama bila mtu kujitahidi kuitunza.

Hata sauti zinatuhusu. Kijapani kina neno la moyo unaodunda, doki doki, na kina hata neno la mahali pasipo na sauti, shiin, ambalo huchorwa kubwa ndani ya kisanduku kitupu. Wafasiri wa Ulaya huhangaika nalo, wengine huliacha kama lilivyo na kuweka maelezo madogo pembeni. Kwetu mtu akiambiwa watu walinyamaza jii, haulizi maelezo.

Mwezi uliopita nilituma ukurasa mmoja wa namna hiyo, wenye chumba, kiti na shiin tu, nikaomba kila mmoja alete neno lake. Nilisubiri Jumapili baada ya saa kumi na moja jioni, saa ambayo huko Japani huwa imegonga usiku wa manane wa kuingia Jumatatu na sura mpya za Jump hufunguliwa kwenye Manga Plus, programu ya kusomea manga kwenye simu, kwa sababu saa hiyo kila mtu huwa amekwisha kununua mega za intaneti. Walio wengi walisema "jii". Fundi simu mmoja alileta "zii" akazomewa. Mama wa Kamalondo alikataa yote, akasema kimya cha chumba alichotoka mtu si sawa na kimya cha watu walionyamazishwa, na kwamba pale panafaa "tuli". Nilirudi kukitazama kile kiti, nikaona kimesogezwa kidogo kutoka mezani.