Hitilafu ya mapigo ya moyo ya kurithi: maana yake

"Msimshtue huyo, kwao wanakwenda ghafla." Nilimsikia bibi mmoja akisema hivyo kwenye khitma, Wete, Pemba, akimkanya kijana aliyetaka kumpigia mwenzake ukelele wa mzaha kwa nyuma. Hakuna aliyemuuliza anakusudia nini, maana wote pale waliijua habari ile. Ami wa huyo aliyetaka kushtuliwa alikufa maji, naye alikuwa fundi wa kuogelea. Shangazi yake alilala salama, asubuhi hakuamka. Dada yake huanguka akazimia, na kwa miaka watu wamekuwa wakisema ana kifafa, wengine wakisema ni pepo wa ukoo. Bibi hakuwa daktari, lakini alikuwa ameshayapanga matukio yote matatu kwenye mstari mmoja, na hiyo ndiyo kazi ambayo daktari wa moyo huanza nayo.

Hitilafu ya mapigo ya moyo ya kurithi maana yake ni kwamba mtu amezaliwa na kasoro katika umeme unaouendesha moyo, na kasoro hiyo ameipata kwa wazazi kupitia jeni. Moyo hupiga kwa umeme. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia kuna kifundo kidogo kinachoanzisha kila pigo, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, yapata mara 100,000 kwa siku. Umeme huo huzalishwa na chumvichumvi za mwilini, yaani sodiamu, potasiamu na kalsiamu, zikipita kwenye vijilango vidogo mno vilivyo katika kuta za seli za moyo. Sodiamu ikiingia, seli huamka na msuli hukaza. Potasiamu ikitoka, seli hutulia na kungoja pigo linalofuata. Vijilango hivyo ni protini, na mwili huvijenga kwa maelekezo ya jeni. Maelekezo yakiwa na kosa, vijilango huwa vibovu tangu mtoto yumo tumboni mwa mamake.

Moyo wenyewe kwa umbo unaweza kuwa mzima kabisa. Ndiyo maana hata maiti ikipasuliwa, mara nyingine hakionekani kitu, na familia huambiwa tu kwamba moyo ulisimama.

Aina iliyochunguzwa zaidi huitwa QT ndefu. Q na T ni majina ya alama mbili kwenye mchoro wa umeme wa moyo, na nafasi baina yake ni muda ambao vyumba vya chini hutumia kukaza na kurudi kutulia. Potasiamu ikichelewa kutoka, muda huo hurefuka. Pigo jingine likiingia moyo haujamaliza kutulia, mpango wote huvurugika: moyo hutetemeka kwa kasi badala ya kusukuma damu, ubongo hukosa damu, mtu huanguka. Mara nyingi vurugu hiyo hukatika yenyewe baada ya sekunde kadhaa, akazinduka na kuuliza kumetokea nini. Isipokatika, hufa. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 2,000 huzaliwa na QT ndefu.

Katika ugonjwa huu, kila aina ina kinachoichokoza. Aina ya kwanza huchokozwa na mbio, na zaidi ya mbio, kuogelea. Hapa kwetu jambo hili si dogo. Nenda Forodhani, Unguja, jioni uwatazame vijana wanavyochukua mbio na kujirusha baharini mmoja baada ya mwingine, wengine hawajamaliza hata skuli ya msingi. Wengi mno wao hawana tatizo lolote. Lakini anayejua kuogelea akizama katika maji matulivu, bila mkondo wala wimbi, moyo nao uulizwe, isiishie kusemwa kwamba bahari imemtaka. Nami hufikiria hivyo hivyo juu ya wachuma karafuu: yule aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu, je, aliteleza, au alizimia kwanza ndipo mkono ukaachia tawi? Aliyekuwa chini ya mti ndiye anayejua, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Aina ya pili huchokozwa na sauti ya ghafla, hasa ikimkuta mtu usingizini: simu inayolia, saa ya kuamshia, hodi ya kishindo. Wanawake wenye aina hii huwa katika hatari kubwa zaidi ndani ya miezi tisa baada ya kujifungua. Basi mzazi aliye ndani ya arobaini akizimia alipogutushwa na kilio cha mtoto, watu wasiridhike kusema ni uchovu au damu imepungua. Aina ya tatu humjia mtu amelala au amepumzika, kimya kimya.

Ziko nyingine. Mwaka 1992 madaktari ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza ugonjwa ambao leo una jina la ukoo wao. Huwapata wanaume zaidi, hushambulia usiku, na homa huuamsha, kwa hiyo mwenye nao akipata homa inabidi ishushwe mapema. Iko pia hitilafu inayojitokeza mtoto anapokimbia au anapopandwa na hasira, ilhali akilala kitandani kupimwa mchoro wake hutoka sawasawa. Kuhusu moyo kwenda mbio baada ya kahawa kali ya barazani, au kwa homa, upungufu wa damu na wasiwasi, hayo kwa kawaida si mambo ya kurithi.

Urithi wenyewe huenda hivi. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Katika QT ndefu ya kawaida, nakala moja mbovu inatosha, kwa hiyo mwenye ugonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto. Na kila mimba ina bahati yake: wa kwanza akipata, haimaanishi wa pili amesalimika. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba mwenye jeni hiyo anaweza kuishi hadi uzee bila kuzimia hata siku moja. Familia huona kama maradhi yameruka kizazi, kumbe yalipita kwa mzee huyo huyo mzima wa afya.

Iko aina adimu inayohitaji nakala mbovu mbili, moja kutoka kila upande. Iliandikwa kwa mara ya kwanza Norway mwaka 1957, na madaktari Jervell na Lange-Nielsen, katika nyumba moja ambamo watoto wanne kati ya sita walikuwa viziwi wa kuzaliwa na wenye kuzimia. Watatu kati yao walikufa wadogo. Kijilango cha potasiamu kilichoharibika ndicho kile kile kinachotumika ndani ya sikio. Wazazi wakiwa wabebaji wote wawili, yaani kila mmoja ana nakala moja mbovu, kila mtoto ana uwezekano wa mmoja kwa wanne, na ndugu wanapooana uwezekano wa wote wawili kubeba kosa lile lile huongezeka. Siandiki haya kumlaumu aliyeoa binti ami yake. Ndoa hizo ni halali na ni za heshima kwetu. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyezaliwa hasikii, kisha akawa anazimia, asipitishwe siku nyingi bila kupimwa moyo.

Kipimo chenyewe, ECG, yaani ule mchoro wa umeme wa moyo, hakina sindano wala maumivu. Unalazwa chali, kifua wazi, unapakwa maji au ute wa baridi, unabandikwa vidoto sita vya kunasa umeme wa moyo kifuani na kuwekwa vingine kwenye mikono na miguu. Unaambiwa usicheke wala usizungumze. Baada ya dakika chache hutoka karatasi ya vijisanduku vyekundu vidogo, kila kimoja kikiwa na milimita moja, sawa na sekunde 0.04. Daktari huhesabu vijisanduku kutoka Q hadi mwisho wa T, kisha hurekebisha hesabu kulingana na mwendo wa moyo. Ikifika sekunde 0.5 au zaidi, hatari ni kubwa. Akikutwa mmoja, wazazi, ndugu na watoto wake wote hupimwa, hata wasioumwa. Mchoro ukitoka mzuri mara moja haumalizi shaka, hivyo rufaa huweza kwenda spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au kuvuka hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Aliyethibitika mara nyingi hupewa dawa ya kumeza kila siku, kama propranololi, ambayo haiachwi ghafla. Wachache huwekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa kinachousawazisha moyo ukivurugika. Kisha kuna dawa za kuepukwa kwa sababu hurefusha QT: erithromaisini, flukonazoli, kwinini, na haloperidoli wanayopewa wagonjwa wa akili. Kutapika na kuharisha pia ni hatari, kwani potasiamu hupotea. Kisomo hakimzuii mtu kupimwa. Asomewe, na apelekwe spitali.

Familia isiende mikono mitupu. Ikae na yule bibi jioni moja kabla ya safari, na mwenye kujua kuandika aandike anayoyataja: nani alikufa ghafla kabla ya miaka 40, nani alikufa maji, nani alizimia na alikuwa akifanya nini wakati huo, mtoto gani hasikii tangu kuzaliwa, upande wa mama na wa baba. Na bibi akiweza safari, aende naye.