Benki isiyo na matawi si lazima iwe hatari

Wengi huamini kwamba benki ya kwenye simu pekee inaweza kutoweka na pesa zao kwa kuwa haina tawi. Lakini kinacholinda akiba ni leseni na bima ya amana. Nchini Marekani, FDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hufidia benki ikianguka: hulipa hadi dola 250,000 kwa mteja katika kila benki yenye bima yake, iwe na matawi au isiwe nayo.

Cha kuogopa ni programu inayojitangaza kama benki huku ikiwa dalali tu. Synapse, kampuni ya Marekani iliyounganisha programu za namna hiyo na benki, ilifilisika mwaka 2024. Hesabu zake na za benki hazikulingana, wateja wakafungiwa pesa zao. FDIC haikuwafidia, maana hakuna benki iliyoanguka! Kwa hiyo tafuta jina la programu yenyewe kwenye orodha ya benki zenye leseni kabla ya kuweka chochote.