Baraza la Makanisa Halina Mamlaka ya Kufunga Kanisa

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa nini Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, halikulifunga mapema kanisa la Shakahola, ambalo waumini wake walikufa kwa kufunga kula kwa kufuata mafundisho ya mhubiri wao. Nimeulizwa hivyo tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa kule Kilifi, na nimechoka kulijibu swali hilo mlangoni.

NCCK haisajili kanisa wala haifuti usajili; hiyo ni kazi ya Msajili wa Vyama, ambaye ni ofisa wa serikali. Haimtawazi askofu wala haimhamishi mchungaji. Wakatoliki wana baraza lao la maaskofu, na wahubiri wengi wa kujitegemea hawako chini ya baraza lolote.

Kinachoniudhi hasa ni dhana kwamba baraza ni kanisa kubwa linalotawala makanisa madogo. Mwaka 1913 wamishonari wa Kianglikana, Kipresibiteri, Kimethodisti na wa African Inland Mission walikutana Kikuyu wakitaka kuunganisha kazi zao, na mwishoni wakashiriki pamoja Meza ya Bwana. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wenzake wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, waliokuwa kwenye mkutano huo, kwa uzushi, na mzozo ukafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kanisa moja likashindikana. Kilichopatikana mwaka 1918 ni ushirika wa misheni, ulioanzisha Alliance High School mwaka 1926, na katika mkondo huohuo ndimo lilimotokea baraza tulilo nalo. Kila mshirika aliingia na katiba yake, liturujia yake na hazina yake, na hakuna aliyekabidhi hata kimoja.

Nguvu iliyobaki ni sauti, na sauti hiyo si haba: katika miaka ya 1980 baraza lilipinga hadharani kura ya mlolongo, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea badala ya kupiga kura ya siri, wakati ambapo kukipinga chama tawala, KANU, kulikuwa hatari. Hata hivyo nina shaka ambayo haimo katika vitabu vyetu. Mwaka 2010 baraza lilipinga rasimu ya katiba, nayo ikapitishwa kwa takriban asilimia 67 ya kura, na siwezi kuamini kwamba waumini wetu hawakuwa wengi miongoni mwa waliosema Ndiyo. Mpaka leo najiuliza kama tulisema kwa niaba ya mama aliyeketi benchi la nyuma, au kwa niaba yetu tuliokuwa kwenye mkutano.